Nundu ya Anga la Zuzu

Nyie mnaopima anga mkiwa mmekaa kwenye viti vinavyozunguka, feni juu, chai ya maziwa pembeni, hebu sogezeni masikio. Juzi nilipopita kituoni kuwasalimia (asanteni kwa shikamoo zenu, ingawa nyingine zilitolewa macho yakiwa kwenye simu), binti mmoja aliniuliza, "Bibi, enzi zenu mlikuwa mnafanyaje bila intaneti?" Nikamjibu kwamba tulikuwa tunafanya kazi. Akacheka. Mimi sikuwa natania.

Kazi yetu ilikuwa kuisuta modeli. Mnajua kusutwa mtaani? Mtu amesema neno, anaitwa hadharani, aliyesemwa analetwa, kila mmoja anaulizwa uso kwa uso. Basi ndivyo hivyo. Modeli ni hesabu inayosema, "Leo saa saba mchana hewa ya juu kabisa itakuwa hivi." Haya, umesema. Tunaleta setilaiti mbele yake tunaiambia, wewe uliyeko huko, sema ulichokiona. Mmoja wao akiumbuka, sisi ndio tunaotafuta ni yupi na kwa nini.

Kwa wageni wa kazi hii nieleze kidogo. Huko juu, ambako hata ndege haifiki, jua linaichambua hewa mpaka inajaa chembe chembe za umeme. Ishara ya redio inayoshuka kutoka kwenye setilaiti ikipita humo inacheleweshwa, kidogo sana, kama mtu anayekatiza sokoni kijijini kwao na kila hatua anasalimiwa. Chembe zikiwa nyingi, inachelewa zaidi. Tunapima ule ucheleweshaji, tunajua hewa ya juu ina nini. Kuna watu wanaona ni kazi ya kuchosha. Hao hawajawahi kuifanya na Dokta Byera.

Dokta Byera alikuwa bosi wangu, mtu wa Bukoba, mrefu, shati limepigwa pasi hata siku tunayochimba shimo la nguzo. Ndiye aliyenifundisha kazi. Kabla yake nilikuwa fundi wa redio tu, najua waya na risasi ya kulehemu. Yeye alinikalisha chini akaniambia, "Mama Upendo, usiangalie mistari miwili inavyofanana. Toa mmoja kwenye mwingine, uangalie kinachobaki. Kinachobaki ndiyo kazi." Mpaka leo nikimwona kijana anaweka mistari miwili pamoja na kusema "inafanana fanana", mikono inaniwasha.

Ile modeli aliitengeneza mwenyewe. Alichukua hesabu ya wenzetu wa nje, ambayo huku kwetu karibu na ikweta ilikuwa inaboronga vibaya, akakaa nayo miaka akiirekebisha. Aliipenda. Nasema hivyo ili mjue uchungu wa yatakayofuata.

Zile ni enzi za ruksa, serikali imefungulia biashara. Kila mtu Dodoma mjini ameamka na biashara. Mashine ya kusaga upande huu, fundi wa kuchomelea mageti upande ule, kibanda cha video nyuma, na kila kimoja kinatupigia kelele kwenye redio zetu. Mtambo wetu wa kupokea setilaiti ulikuwa ukisikiliza zaidi mageti kuliko mbingu. Dokta akaamua tuuhamishie Zuzu, nje ya mji, ambako kelele pekee ni treni, na treni zenyewe mnajua hazikuwa za kukukera kwa wingi.

Huko tukampata Mama Chilongani, Mgogo, mjane, mwenye tembe kubwa. Kama hujawahi kuiona tembe, ni nyumba ya udongo, paa limelala bapa, unapanda juu unatembea kama uko barazani. Kwa antena hakuna pazuri zaidi: anga wazi pande zote, hakuna mti wala ghorofa. Tukaisimamisha katikati ya paa, kwenye nguzo fupi. Mtambo na kompyuta tukaviweka kwenye chumba kimoja ndani, vinakula betri za gari. Mama Chilongani alikubali kwa sharti kwamba waya mmoja wa betri uende kwenye redio yake, asikilize matangazo ya vifo. Hilo tulilitimiza. Antena aliiita uyoga.

"Uyoga wenu utakaa salama," alituambia. "Nitakuwa naupangusa vumbi."

Kuku wake mmoja aliona joto la kompyuta ni zuri, akawa anataga nyuma yake. Siku ya kwanza nilipokuta yai juu ya waya nilitaka kumfukuza. Mama Chilongani akanitazama kama mtu aliyeona mchawi. Nikaliacha. Kuku yule alikuwa mfanyakazi mwenzetu mpaka tulipohama.

Sasa, tatizo letu lilikuwa gari. Kituo hakikuwa na gari, tulikuwa tunaazima la ofisi mama, na siku za kazi lilikuwa linabeba wakubwa. Tulipewa Jumapili tu. Kila Jumapili asubuhi tunakwenda Zuzu, Mama Chilongani yuko kanisani, ufunguo ametuachia chini ya kinu. Tunabadilisha betri, tunachukua disketi, tunapanda juu kuangalia antena. Yeye anarudi na kitabu chake cha nyimbo, "Mbukwenyi!", tunaitikia, tunakunywa uji, tunaondoka. Na kwa kuwa Jumapili tulikuwa tunashikashika mitambo, vipimo vya siku hiyo tulikuwa tunavitupa. Ndivyo wanavyofanya watu makini. Shikeni hapo.

Miezi ya mwanzo modeli na setilaiti walikaa kama maharusi. Nikitoa mmoja kwenye mwingine, kinachobaki ni kidogo mno. Dokta akawa anapiga mluzi ofisini. Mvua zikanyesha, zikapita, na ndipo ikaja Nundu.

Saa mbili asubuhi vipimo vinaanza kupanda na kutikisika, vinavimba mpaka alasiri, jioni vinashuka. Modeli haina habari kabisa. Kesho yake tena. Kesho kutwa tena. Mimi kama fundi nikakagua waya wote, nikabadilisha viungio, nikaupima mtambo, sikuona kasoro. Nundu iko pale pale, inakuja asubuhi na kuondoka jioni kama mwajiriwa wa serikali, tena yule mwaminifu.

Nikasema ni treni. Dokta akasema treni haziji kila siku, na zikija hazifuati saa. Nikasema vumbi. Akanitazama kwa huruma. Yeye akasema ni majabali. Majabali ya Dodoma, alisema, huenda yana sumaku ya aina yake, na sumaku hiyo inazikusanya chembe za juu mahali pamoja. Wiki nzima tukawa tunapanda majabali na dira mkononi, mimi na kitenge changu, yeye na shati lake la pasi, pimbi wanatuchungulia. Dira ilitikisika mara moja. Dokta akaruka kwa furaha. Kumbe alikuwa na rundo la funguo mfukoni.

Lakini mtu akishapenda kitu, hashikiki. Akaipa jina: Nundu ya Dodoma. Akaanza kuongea kwamba dunia nzima itakuja kuiona. Halafu, jamani, akaigeukia modeli yake mwenyewe. Akasema imepitwa na wakati, haijui Dodoma. Tukakaa tunaikanda ile hesabu, tunaongeza kipande hapa, tunavuta pale, mpaka ikatoka modeli mpya yenye nundu. Kwenye kompyuta modeli ya zamani tukaichora kwa mstari mwekundu, mpya kwa wa bluu. Wa bluu ulipita kwenye vipimo kama uzi kwenye tundu la sindano. Bila shaka ungepita! Tuliukata kwa kipimo chake.

Wakati huo huo habari za kupunguza wafanyakazi zikafika kwetu. Mume wangu alikuwa ameshapunguzwa kiwandani, yuko nyumbani anawachapa watoto kwa makosa ambayo zamani hakuyaona. Ada, unga, kodi, vyote vilikuwa juu ya mshahara wangu. Makao makuu Dar wakasema vituo vidogo vitakaguliwa, na kisichoonyesha kazi ya maana kitafungwa. Aliyepewa ukaguzi ni Bi. Mwanaidi, mtaalamu hasa wa mambo haya, mama mdogo wa umbo, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Alikuwa ameshapita vituo viwili kabla yetu. Vyote viwili vilikuwa vimeshafungwa kwa kufuli.

"Tutamwonyesha Nundu mubashara," Dokta akasema. "Akiiona inainuka mbele ya macho yake, hawezi kutufunga."

Jumapili iliyofuata nikamwambia Mama Chilongani, "Mama, Jumatano tuna mgeni mkubwa kutoka Dar. Maisha yetu yako mikononi mwake."

"Aje," akasema. "Kwangu mgeni haaibiki."

Jumatano gari tukapewa, kwa kuwa safari hii mkubwa alikuwa upande wetu. Tukafika Zuzu kama saa mbili kasoro. Ua umefagiliwa mpaka unaona njia za ufagio. Mama Chilongani amevaa kitenge cha kanisani. Wakasalimiana na Bi. Mwanaidi kwa urefu ule wa Kigogo, ng'ombe, watoto, mvua, mpaka Dokta akaanza kuangalia saa. Tukatoa kompyuta nje, tukaiweka juu ya kigoda kwenye kivuli cha ukuta, sote tukakaa kuizunguka. Mistari miwili ikatokea, mwekundu na wa bluu, na nukta nyeupe za setilaiti zikawa zinaongezeka moja baada ya nyingine.

"Huu mwekundu usiuangalie," Dokta akamwambia Bi. Mwanaidi. "Ni modeli ya zamani. Haina maana tena."

"Haina maana kabisa?"

"Ya kutupa. Tumeiweka ili uone ilivyokosea. Wewe tazama bluu. Sasa hivi nukta zitaanza kupanda."

Saa mbili ikapita. Nukta hazikupanda. Saa tatu. Mstari wa bluu umeshapanda zake peke yake, uko juu huko, unangoja wenzake. Nukta nyeupe zimelala juu ya mstari mwekundu, moja moja, kama shanga.

"Leo imechelewa kidogo," Dokta akasema.

Saa nne. Shati la pasi limeshalowa mgongoni. Mimi nimeingia ndani mara tatu kukagua mtambo, nimembeba kuku, nimemrudisha kuku, kila kitu kizima. Nawaona wanangu wamerudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Bi. Mwanaidi ameweka miwani, anahesabu nukta moja moja, na mtu wa aina hiyo anatisha kuliko anayefoka.

"Dokta," hatimaye akasema, "hiki kitu huwa kinaonekana siku gani?"

"Kila siku!" Dokta akajibu, sauti imempanda. "Kila siku ya Mungu, miezi sasa! Mama Upendo, mwambie!"

"Kila siku," nikasema. "Ila Jumapili hatujui, Jumapili tunazitupa."

Bi. Mwanaidi akanigeukia taratibu. Akataka kusema neno, lakini Mama Chilongani akatokea na maji ya kunawa, na kwa Mgogo chakula kikishafika, sayansi inasubiri. Tukanawa. Ugali wa uwele, moto unafuka, na chungu cha mlenda, ile mboga ya majani inayovutika. Dokta alikuwa hana hamu, ila asingeweza kukataa. Akamega tonge, akachovya.

Mimi nikaona niseme lolote la kupooza hali. "Mama, mlenda wako mtamu. Wa msimu huu?"

"Wa msimu huu huu. Ndiyo nimeuanua jana wote. Nikasema wageni wasije wakapanda juu wakakuta mabati yametandazwa na majani kila mahali, wakaniona mchafu."

"Mabati gani, mama?"

"Mabati yangu. Siku hizi si yanauzwa wazi dukani? Nakusanya ya nyumba mpya. Ukianika mlenda kwenye bati unakauka upesi, bati linashika moto." Akaonyesha juu kwa mwiko. "Nayatandaza asubuhi jua likishapanda, nauzungushia ule uyoga wenu vizuri kabisa, siugusi. Jioni naanua, yasije yakaibiwa. Jumapili tu ndiyo nayapumzisha ndani, naenda zangu kanisani."

Dokta Byera alikuwa ameinua tonge nusu ya njia, mlenda umevutika kutoka kwenye chungu mpaka kidoleni kwake, uzi mmoja mrefu unaning'inia, wala haukatiki. Alikuwa anatazama paa. Mimi nilikuwa najua, na yeye alikuwa anajua kwamba najua. Ishara ikishuka kutoka kwenye setilaiti inafika kwenye antena, sawa. Lakini nyingine inapiga bati, inaruka, inafika kwenye antena ikiwa imechelewa. Mtambo hauna akili ya kujua imechelewa wapi. Unahesabu tu kwamba huko juu mbinguni kuna chembe nyingi. Hayo yameandikwa kwenye ukurasa wa mwanzo kabisa wa kitabu cha mtambo: usiweke chuma karibu na antena. Sisi tulikuwa tunapanda kukagua kila wiki, kwa uaminifu mkubwa, siku ile pekee ambayo chuma hakipo.

"Kwa hiyo," Bi. Mwanaidi akasema, akitazama chungu, "hiyo Nundu ya Dodoma ndiyo hii tunayoila."

Dokta akajitetea. Mtu hawezi kuachana na miezi ya maisha yake hivi hivi. Akasema haiwezekani, labda ni nasibu, labda anga la leo ni tofauti. Bi. Mwanaidi akanawa mikono. "Basi tumsute mlenda," akasema. "Mama, naomba uyarudishe mabati yako kama unavyoyatandaza kila siku."

Tukapanda wote. Dokta mwenyewe alibeba mabati kichwani, shati likapata rangi ya paa. Tukatandaza. Tukashuka kuangalia kompyuta. Nukta nyeupe zikaanza kutikisika, zikauacha mstari mwekundu, zikapanda kuufuata wa bluu. Bi. Mwanaidi akasema, "Yashusheni." Tukashusha. Nukta zikarudi kulala kwenye mwekundu. "Yapandisheni." Tukapandisha. Mara ya tatu Mama Chilongani akashika kiuno.

"Nyie wasomi, amueni! Yanapanda au yanashuka? Haya ni mabati ya nyumba, si ya mchezo!"

Hapo Dokta akakaa chini kwenye vumbi, mbele ya kompyuta. Nilifikiri anaumwa. Kumbe alikuwa anautazama ule mstari mwekundu aliokuwa anaukana tangu asubuhi, na nukta za setilaiti zilivyolala juu yake bila hata kuyumba. Ilikuwa sahihi. Muda wote ule, wakati tukiipinda na kuiongezea na kuisema vibaya, ilikuwa sahihi. Dokta alitoa miwani yake akaipangusa, akairudisha, akaitoa tena. Nilimhurumia yule mzee mpaka nikasahau kujihurumia mwenyewe.

Bi. Mwanaidi akainama karibu yake. "Huu mwekundu ni kazi ya nani?"

"Yangu," Dokta akasema kwa sauti ndogo.

"Na wa bluu?"

Nilisali asiseme uongo. "Wangu pia," akasema.

"Kama huyu mama asingekuwa mtu wa kuheshimu wageni, leo ungenionyesha bluu, nami ningeamini, nami ningekwenda Dar nikasimama mbele za watu kuitetea. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

Akazitazama tena zile nukta. Halafu akasema, "Nimekagua vituo ambavyo modeli na vipimo vinakubaliana kila siku, na hakuna anayeweza kuniambia kwa nini. Hapa nimeona watu wakivunja kazi yao wenyewe kwa mikono yao, mchana kweupe, mbele ya mkaguzi. Bluu futeni leo hii. Jumapili msizitupe tena. Kituo kinabaki, na watu wake wanabaki."

Dokta akashika kichwa. Mimi niliondoka pale bila kuaga. Nilizunguka nyuma ya zizi, nikaegemea ukuta, nikalia. Nililia kama mtoto, na kwikwi, kwa ile miezi yote niliyolala nikihesabu nani nitamkopa na nani nimeshamkopa. Nilikuwa na kazi. Watoto wangesoma. Nililia nikarudia.

Mama Chilongani akanifuata. Akasimama pale na mwiko wake bado mkononi, akanitazama kutoka chini mpaka juu.

"Mwanangu, kulikoni? Wamekufukuza?"

"Hapana, mama," nikamwambia, pua imejaa. "Kazi ninayo. Kazi ninayo, mama!"

"Ah! Nilidhani msiba." Akanipa pindo la kitenge chake cha kanisani nijifute uso. "Basi kama kazi unayo, panda uniteremshie mabati yangu."